Butembo–Beni: Mchuzi wa mboga na nazi, na nazi ikikosa, karanga

BUTEMBO – Jumamosi iliyopita nilipika mchuzi wa mboga na nazi nyumbani kwetu, katika komini ya Kimemi. Tulikula watu sita, bila nyama wala samaki, na mbabula moja ilitosha. Siku nne baadaye nilishuka Beni kwa mama yangu mdogo, nikapika mchuzi ule ule, ila safari hii bila nazi. Huko tulikula watu tisa.

Sufuria hizo mbili zimenionyesha jambo ambalo ningependa msomaji alijue kabla ya kufika kwenye vipimo. Chakula hiki si cha kigeni kama jina lake linavyotutisha. Karibu kila kitu kinachohitajika kinapatikana katika soko kuu la Butembo au katika soko la Kilokwa kule Beni. Kinachokosekana mara nyingi ni nazi tu, na kazi ya nazi ndani ya sufuria inaweza kufanywa na karanga. Shida yenyewe iko mbali kidogo na jiko, na andiko hili litafika huko pia.

Jina la mbali, mboga za kwetu

Ukitafuta mapishi katika simu, utakutana na neno "curry". Ni neno lililotoka India, Waingereza wakalieneza duniani, na leo linamaanisha karibu mchuzi wowote wenye viungo. Lakini kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, wapishi husema tu mchuzi wa nazi. Wanaweka samaki, kuku, kunde, maharagi au mboga za majani, kulingana na mfuko na siku.

Ukiyatazama majina ya mboga zao, utajikuta nyumbani. Wanachokiita mchicha ndicho sisi tunakiita lengalenga. Kisamvu chao ndicho sombe letu. Matembele ni majani ya viazi vitamu, huko na huku. Wao wanapika kisamvu kwa tui la nazi, na mara nyingi wanatia karanga iliyotwangwa. Sisi tunapika sombe kwa mawese, na mwenye uwezo anatia karanga. Jani ni lile lile na kinu ni kile kile. Kinachotofautiana ni mafuta.

Kiswahili kilipanda kutoka pwani na kufika mashariki mwa Congo pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kisha kikaenezwa na utawala wa wakoloni, shule, makanisa na soko. Kilimo cha mpunga kule Maniema kilikuja kwa njia hiyo ya misafara. Mnazi haukuja na kustawi katika milima yetu. Mti huo unapenda joto la tambarare na pwani, na Butembo iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Ingawa ikweta inapita kusini kidogo tu ya mji, asubuhi zetu ni za koti. Beni iko chini zaidi na ina joto, lakini huko pia wakulima wamezoea michikichi, kakao, kahawa na vanila, si minazi.

Ndiyo maana nazi inayoonekana Butembo imesafiri. Mara nyingi imetoka pwani ya Kenya, ikapita Kampala, ikavuka mpaka pale Kasindi, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Hiyo niliyopika Jumamosi ililetwa na jirani anayefanya biashara ya nguo. Alirudi kutoka Mombasa na nazi nne ndani ya mfuko, akatupa moja.

Ukibahatika kuiona sokoni, itikise kwanza. Ukisikia maji yakicheza ndani, ni dalili njema. Ipime kwa mkono, kwa sababu nazi nzuri ni nzito kuliko unavyotazamia. Kisha tazama yale macho yake matatu. Yakiwa na ukungu au unyevu, iache, hata ukipunguziwa bei.

Tui linafanya kazi gani?

Mtu anayejua kazi ya tui hatasumbuka likikosekana. Kwanza, ni mafuta. Harufu ya kitunguu saumu, tangawizi na masala inashikwa na mafuta kuliko maji, na ndiyo maana mboga zilizochemshwa kwa maji matupu hazina ladha hata ukizijaza viungo. Pili, tui linafanya mchuzi uwe mzito, ushike bugali au wali badala ya kukimbia kwenye sahani.

Kuna faida ya tatu isiyoonekana. Karoti, lengalenga na boga la rangi ya manjano vina kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na magonjwa. Kitu hicho kinaingia mwilini vizuri kikiliwa pamoja na mafuta. Mboga bila mafuta yoyote zinashibisha tumbo, lakini sehemu ya faida yake inapotea.

Karanga inafanya kazi hizo zote. Ina mafuta, inafanya mchuzi uwe mzito, na inaongeza kitu ambacho tui halina kwa wingi, yaani protini. Karibu robo ya uzito wa karanga kavu ni protini. Kwa nyumba ambayo nyama inaonekana siku ya sikukuu tu, mchuzi wa karanga una lishe kuliko ule wa nazi. Asiyepata nazi asifikiri kwamba anapika chakula cha pili kwa ubora.

Mawese nayo ni mafuta mazuri, na ule wekundu wake unatokana na kitu kile kile cha karoti. Lakini mawese peke yake hayawezi kuufanya mchuzi uwe mzito. Yatumie kukaangia vitunguu mwanzoni, kisha uiachie karanga kazi iliyobaki.

Vitu vinavyohitajika kwa watu sita

- Vitunguu viwili na puaro moja
- Tomati nne zilizoiva
- Karoti tatu
- Nusu ya shu ndogo, ile ambayo wengine wanaita kabichi
- Bilinganya mbili, au kipande cha boga
- Fungu moja la lengalenga
- Punje tatu za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba
- Kijiko kidogo kimoja cha masala au manjano
- Vijiko vikubwa viwili vya mawese au mafuta mengine
- Chumvi, pilipili kwa anayeitaka, na nusu ya ndimu
- Bilauri mbili za maharagi yaliyokwisha kuiva, kama yamebaki ya jana
- Nazi moja iliyokomaa, au bilauri moja ya karanga, karibu gramu 150

Usitumie nazi na karanga kwa pamoja mara ya kwanza. Chagua moja, uijue ladha yake.

Kutayarisha nazi

Vunja nazi kwa kuipiga katikati kwa mgongo wa panga, ukikinga maji yake kwenye bakuli. Maji hayo si tui, wape watoto wanywe. Watu wa pwani wana mbuzi, kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi. Sisi tusio nacho tunatoa nyama ya nazi kwa kisu na kuikwangua kwenye rapu ile ile ya karoti, au tunaikata vipande vidogo na kuitwanga kwenye kinu.

Mimina bilauri moja ya maji ya uvuguvugu, kamua kwa mikono, kisha chuja kwa kitambaa safi. Hilo ni tui zito, liweke kando. Rudisha machicha kwenye bakuli, tia bilauri mbili za maji, kamua tena. Hilo ni tui jepesi. Usiyachanganye, kwa sababu kila moja lina saa yake ya kuingia sufuriani.

Kutayarisha karanga

Zichague kwanza, moja moja. Karanga yenye ukungu, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, itupe. Ukungu wa karanga unatoa sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Usimpe mtoto wala kuku. Kama kuna mtu nyumbani ambaye karanga inamvimbisha mdomo au kumbana pumzi, mpikie sufuria yake.

Kaanga karanga kwa moto mdogo hadi maganda yaanze kuachana na punje. Usingoje ziwe nyeusi. Zipepete, zitwange hadi ziwe laini, kisha tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo ukikoroga, kama unavyofanya na unga wa uji wa mtoto. Ukimwaga karanga kavu moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka, inafanya mabonge, na mabonge hayo hayavunjiki tena.

Kupika

1. Nawa mikono na uoshe mboga kwa maji safi. Desturi hiyo tuliishika kwa nguvu wakati wa Ebola, kati ya mwezi wa nane 2018 na mwezi wa sita 2020. Si vizuri kuiacha kwa sababu ugonjwa umeondoka.

2. Pasha mafuta, tia vitunguu na puaro, uache hadi vilegee. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha masala. Koroga kwa muda wa pumzi chache tu. Masala yakiungua yanakuwa machungu, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

3. Tia tomati zilizokatwa pamoja na chumvi. Acha zipondeke na maji yake yapungue, hadi uone mafuta yakijitenga pembeni. Wengi wetu tunaharakisha hapa, na mchuzi unabaki na uchachu wa tomati mbichi.

4. Tia karoti, kwa sababu ndizo ngumu kuliko zote. Mimina tui jepesi. Kama unatumia karanga, mimina bilauri mbili na nusu za maji ya moto. Funika. Baada ya dakika kama kumi tia shu na bilinganya.

5. Anayetumia karanga aitie sasa, pamoja na maharagi. Apunguze moto na kukoroga mara kwa mara hadi chini kabisa ya sufuria, kwa dakika kama kumi na tano. Anayetumia nazi atie maharagi tu na asubiri.

6. Tia lengalenga mwishoni. Dakika tatu au nne zinatosha. Likikaa sana linapoteza rangi na ladha.

7. Anayetumia nazi ndiyo saa yake ya kutia tui zito. Asifunike. Akoroge taratibu, akiinua mchuzi kwa upawa na kuurudisha, kwa dakika tano hivi. Mchuzi ukianza kutokota kwa nguvu, aondoe sufuria motoni.

8. Kamulia ndimu, onja chumvi, pakua.

Tofauti kubwa ya mapishi haya mawili iko katika hatua ya tano na ya saba. Karanga inaingia mapema na kupikwa sana, kwa sababu ikiwa mbichi inabaki na ladha ya unga. Utajua imeiva mafuta yake yakianza kuelea juu. Tui zito linaingia mwisho na kupikwa kidogo, kwa sababu moto mkali unalikata. Mafuta yanakwenda upande wake, maji upande wake, na mchuzi unaonekana kama maziwa yaliyoharibika. Bado unalika, lakini ule uzito umepotea.

Neno moja kwa wanaopika kwa kufuata saa za video za pwani. Katika mwinuko wa Butembo maji yanachemka karibu digrii 94, si 100. Ndiyo maana karoti na maharagi vinachelewa kuiva kwetu kuliko Mombasa, na hata kuliko Beni. Toboa karoti kwa uma, usiamini saa peke yake.

Hesabu ya makala

Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni, gharama ya chakula haiishii sokoni. Kuna makala. Maharagi makavu yanaweza kukaa motoni saa mbili na zaidi. Sombe nalo halitaki haraka: lazima litwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu ili ile sumu iliyo kwenye majani ya muhogo itoke. Atakayelipunguzia muda ili kuokoa makala anahatarisha watu wake.

Mchuzi huu unaiva kwa muda wa chini ya saa moja. Jumamosi nilitia makala mara moja, na yalipobaki majivu yenye moto nikachemshia maji ya kuogea mtoto. Anayetaka kuokoa zaidi atumie maharagi yaliyobaki ya jana, akate mboga zote kabla ya kuwasha mbabula, na afunike sufuria kila hatua inaporuhusu. Mbabula na iwe nje au mahali penye hewa. Moshi na hewa ya makala katika chumba kilichofungwa vinaua bila kelele.

Mchuzi wa nazi usilale. Unachacha upesi, hasa kwenye joto la Beni. Ule wa karanga unastahimili kidogo zaidi, lakini nao uchemshwe tena vizuri kabla ya kuliwa asubuhi.

Sufuria moja, njia mbili

Kabla ya kushuka Beni nilihesabu vitu vilivyokuwa ndani ya sufuria yangu ya Jumamosi. Shu, karoti na puaro vilitoka kwenye milima ya baridi ya Lubero, kusini mwa Butembo, ambako mboga za aina hiyo zinastawi kuliko mahali pengine hapa kwetu. Mawese yalitoka upande wa pili, kwenye joto la Beni na njia ya Mambasa. Soko la Butembo liko katikati, na mama wa nyumba anakutanisha milima na msitu ndani ya kikapu kimoja.

Kwa hiyo barabara ikifungwa upande wowote, inaonekana kwenye sahani. Upande wa kaskazini, wakaaji wa mji na wilaya ya Beni wanauawa na kukimbia makwao tangu mwezi wa kumi 2014, katika mashambulizi ambayo mengi yanahesabiwa kuwa ya waasi wa ADF. Hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi wa tano 2021, na mwishoni mwa mwaka huo majeshi ya Congo na Uganda yalianza operesheni ya pamoja. Upande wa kusini, M23 waliingia Kanyabayonga na kisha Kirumba mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, na wakulima wengi wa kusini mwa Lubero wakaacha mashamba yakiwa na mazao.

Wengi wanaouawa upande wa Beni wanakutwa shambani, au njiani kwenda au kutoka shambani. Mauaji hayo yanatoa watu, na yanawafukuza wanaobaki kutoka kwenye udongo unaowalisha.

Mama yangu mdogo ni mmoja wa waliobaki. Anaishi katika komini ya Mulekera. Shamba lake liko mashariki ya mji. Alikuwa analima muhogo na karanga, na miti michache ya kakao ndiyo iliyolipia watoto shule. Tangu 2019 hajalala huko. Mwanzoni alikuwa anakwenda asubuhi na kurudi kabla ya saa tisa. Baada ya majirani wawili kutorudi, naye aliacha.

Nilipofika na fungu langu la mboga kutoka Butembo, tulikwenda pamoja sokoni kununua karanga. Muuzaji alipima kwa kopo. Mama mdogo alilitazama lile kopo, akalipa, na hakusema kitu hadi tulipofika nyumbani. Alipoanza kuzichagua, ndipo akasema:

– Mwanangu, zamani zile zilizovunjika nilikuwa ninawatupia kuku.

Sikuwa na jibu. Niliendelea kukata karoti.

Mfuko ukiwa mdogo

Nilikuwa nimeandika vipimo vya watu sita, na nyumbani kwa mama mdogo kulikuwa na watu tisa, wakiwemo watoto watatu wa ndugu aliyekimbia kutoka upande wa Oicha. Nilifikiri tungehitaji karanga bilauri moja na nusu. Tulikuwa na moja. Mama mdogo alichukua mwiko na kunionyesha mahali pa kupunguza na mahali pa kutopunguza. Hayo aliyonifundisha ni haya.

Usipunguze kukaanga vitunguu na tomati. Hata ukiwa na kitunguu kimoja na tomati mbili, zipike hadi mafuta yajitenge. Ladha ya sufuria nzima inaanzia hapo, na haigharimu franka, inataka subira tu.

Usiondoe mafuta yote. Kijiko kimoja cha mawese kikubaki.

Karanga ikiwa kidogo, ponda kipande cha boga lililoiva ndani ya mchuzi. Boga litaufanya uwe mzito, na karanga itatoa ladha na protini. Tulifanya hivyo, na mimi niliyejua nilishindwa kuona tofauti.

Masala yakikosekana, ongeza tangawizi na puaro. Shu ikiwa ghali, weka majani yake ya nje ambayo wengi wanatupa, ukiyakata membamba. Karoti ziwe chache lakini zisiondoke zote kama kuna mtoto mdogo ndani ya nyumba. Zikikosa kabisa, zidisha lengalenga.

Maharagi ndiyo ya mwisho kuondoka. Bila nyama, samaki wala karanga ya kutosha, ndiyo yanayobeba mwili wa mtoto. Utapiamlo hauji siku ambayo mtu hakula tu. Unakuja pia kwa mtoto anayeshiba bugali kila siku na hapati kitu kingine.

Na uwapakulie watoto kwanza, alisema, wakati mchuzi wa chini ungali mzito.

Walivyokula

Butembo tulikula kwa wali. Baba mkubwa, ambaye hajawahi kuishi pwani, alionja tui na kuuliza kama nimetia maziwa ya ng'ombe. Nilipomwambia ni nazi, alisema ni tamu, lakini akaomba pilipili zaidi na bugali kidogo pembeni, kwa sababu kwake wali haujazi.

Beni tulikula kwa bugali wa muhogo, na hapo ndipo mchuzi wa karanga ulipoonyesha nguvu yake. Unashikamana na tonge. Watoto walisafisha sahani kwa vidole. Mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliniuliza nazi inafanana na nini. Nilimchorea kwenye daftari yake, pamoja na yale macho matatu.

Kama kuna la kushika katika haya yote, ni kwamba anayeweza kupika lengalenga anaweza kupika mchuzi huu kesho. Asingoje nazi, wala asione aibu kuiweka karanga mahali pake. Kwenye pwani yenyewe wanazitumia zote mbili. Ujuzi upo katika nyumba zetu tangu zamani. Kilichopungua ni njia salama ya kwenda shambani, na hiyo haipatikani kwa mapishi.

Kabla sijarudi Butembo, mama mdogo alinionyesha parseli yake. Kati ya ukuta na bomba la maji amepanda mistari miwili ya lengalenga, na boga moja linapanda juu ya paa la jiko. Majani yanatosha kuchuma mara mbili kwa juma. Nilimuuliza kwa nini hajajaribu karanga.

Alisema karanga zinataka nafasi. Kisha akasema mbegu bado anayo, kilo mbili, ndani ya mfuko uliofungwa, kwa siku atakayorudi.